Karatasi Yenye Sikutia Mukono ku Kamina

Ninyi bijana mwenye mutasoma hii, mukae chini kwanza. Musisome mumesimama, mukono moja ku telefone. Mu hii lupango, kiwanja ya nyumba yetu, munajua habari moja juu ya mutoto yangu ya tatu: ya kama alikufa ku Kamina akiwa anazala, na bwana yake alikuwa mu bistro anakunywa pombe. Njo bile mulisikia ku kilio, ku matanga, njo bile munasemaka kila mara munakasirikia bantu ya ule bwana. Hakuna ata mumoja yenu aliniuliza: na weye, mama, ulikuwa wapi?

Minyi pia nilikuwa mu bistro. Ile siku niliingia mu bistro kupita bamingi yenu, nikafuata muntu ya firimbi, nikakaa ku kiti, nikakunywa. Sikuwaka mulevi. Nitasema sasa namna ilikuwa, mwenye anajua kuandika ananiandikia, na kisha mutaniangalia namna munataka.

Tulikuwa batatu. Mutoto yangu na tumbo yake ya kwanza, bwana yake, na minyi. Bwana alipata kazi ku Likasi, kazi ya kulinda depo, na alitaka bibi azalie kule pembeni yake. Ku tumbo ya kwanza mama anapashwa kuwa pale, njo nilifunga bikwembe byangu nikaenda nabo. Tulipanda treni ku Kabongo, tukashuka Kamina, juu ni pale tungeshika treni ingine yenye inashuka kusini. Ile treni haikuya. Bantu ya gare balisema kesho. Kesho yake balisema tena kesho.

Kamina nilijua jina tu. Kwetu muntu akisema Kamina, tunafikiria basoda, askari ya kambi ya Base, na sabuni ya kule. Nilikuta muji ya balabala murefu, muchanga mwekundu, nyumba ya Babeleji yenye rangi ilisha kutoka, na kila balabala inafanana na mwenzake. Siku ya pili nilitoka kutafuta maji nikapotea. Muntu ya kinga, ya baiskeli, alinirudisha ku gare, natembea mbele yake na ndoo, yeye nyuma anasukuma kinga, sawa muntu anarudisha mbuzi ya jirani. Bantu balicheka. Sikutoka tena.

Tulilala ku barza ya gare pamoja na basafiri bengine. Minyi na mutoto yangu ku upande moja, bwana yake ku upande ingine, mbali. Alikuwa muntu ya roho muzuri. Kulala mbali ilikuwa buko, haya ya mukwe; na mukwe mwenyewe tunamuita buko. Ninyi ya leo munakula na mama ya bibi yenu ku meza moja, munamupiga mukono, munacheka naye. Siye, bwana ya mutoto yako haumuangalie macho na macho. Akipita, unageuka. Ukiwa na neno naye, unatuma muntu. Bukari yake, ugali, unaweka mbali, mutoto yako anapeleka. Na yeye bile bile: hawezi kukaribia weye na harufu ya pombe, hawezi kutembea kifua wazi mbele yako, hawezi kupandisha sauti. Ni heshima. Nilimuheshimu, naye aliniheshimu. Miaka mbili alioa mutoto yangu, na sikujua uso yake iko namna gani. Nilijua mugongo yake, na shati yake ya kijani.

Sasa, ku ile gare kulikuwa muzee mumoja. Alitumika mu treni mpaka balimupumzisha, akabakia na kofia na firimbi. Bote balimuita Shefu. Kila siku yenye treni haikuya, ni kusema karibu kila siku, alifika saa ine ya asubuhi, akasimama pa katikati ya mizigo, akapiga firimbi.

— Basafiri ya Gare ya Kwanza, Gare ya Pili, Gare ya Tatu na mwisho ya njia! Treni inaondoka! Hii yangu haiangukake, ni mwenye kuipanda njo anaangukaka!

Gare zake zilikuwa bistro. Bantu benye bamechoka kukaa bure balisimama wakicheka, bakajipanga nyuma yake, kila mumoja mukono ku bega ya mwenzake sawa mabehewa, na bakatoka mu balabala. Ku kila bistro munakaa, munakunywa chupa moja, kizibo unaweka mu mufuko kama tikiti. Firimbi ikilia, munasimama, munaenda ku ingine. Mwenye kubaki nyuma anaitwa mizigo. Mu njia Shefu anaonyesha muji: hapa aliishi Mubeleji wa kwanza kuleta piano, hapa treni ilikanyaga ngombe ya komanda. Benye bistro balimupa yeye chupa yake ya bure juu ya kubaletea bantu.

Siku ya tano, bwana ya mutoto yangu alienda nabo. Musikie vizuri hapa. Ni bibi yake alimutuma. Nilisikia na hii masikio.

— Enda unyooshe miguu, alimwambia. Unachokesha bantu na kutembea huku na huku. Enda uone muji, utanielezea.

Alienda. Telefone yake aliiacha ku kibanda ya kuchajisha, juu ku barza hakukuwa umeme. Ile neno ya bibi yake, ku kilio sikuisema.

Jua haikupanda mbali na mutoto yangu akanishika mukono.

— Mama, maji inatoka.

Ilikuwa mbele ya wakati. Banamuke babili ya barza balinisaidia kumupandisha ku pikipiki, ile tunaita moto, minyi nikakaa nyuma nikamushikilia, na muntu ya moto akatupeleka ku hopitali pole pole juu ya muchanga. Mu hopitali balimulaza. Alikuwa na nguvu, alikuwa anajaribu kucheka. Aliniambia: — Mama, mutoto wa huyu bwana ana haraka kuliko treni.

Kisha akaacha kucheka. Uchungu ilikuya na ikaenda na ikakuya, na mutoto hakushuka. Infirmiere, muuguzi, alikuwa mwanamuke mufupi, ya kusema upesi. Alimupima mara tatu. Mara ya tatu alitoka akanivuta ku koridoro.

— Mama, mutoto amelala kimukingamo. Hatapita. Munganga anapashwa kumupasua. Tia mukono hapa.

Alinipa karatasi na kalamu.

— Bwana yake iko, nikasema.

— Iko wapi?

— Ku muji.

— Muji haitiake mukono ku karatasi. Weye ni nani yake?

— Mama yake.

— Basi mama inatosha. Unajua kuandika?

— Jina yangu, najua.

— Andika.

Sikuandika.

Mutaniuliza sababu. Mutoto mwanamuke akiisha kuolewa, mwili yake si yako tena. Mbuzi ya ndoa tulisha kula. Nikisema minyi «mumupasue», akakufa, bantu ya bwana watauliza: ni nani alipatia munganga kisu? Njo ya kwanza. Ya pili ni nzito zaidi, na kwetu tunaisema chini chini. Mwanamuke akikwama mu kuzala, bantu habaulizi munganga. Banamuuliza yeye. «Ulilala na nani? Taja jina, mutoto atatoka.» Niliona kwa macho mwanamuke anatajishwa majina mu uchungu, na akataja, juu ya uchungu muntu anataja ata jina ya padri. Nilijua bwana akikosa pale, asisikie na masikio yake ya kama ni mutoto njo alilala mubaya, kesho batasema: mama yake aliharakisha kumupasua juu ya kufunika. Nilitaka asikie munganga mwenyewe. Nilitaka jina ya mutoto yangu ibakie safi.

Nilifikiria jina. Damu sikuifikiria.

— Nitamuleta bwana yake, nikamwambia infirmiere.

Aliangalia saa ku ukuta, kisha akaniangalia minyi.

— Saa moja, mama. Usinirudilie na mbili.

Nikapita ku kitanda.

— Unaenda wapi? mutoto yangu akauliza.

— Kuita bwana yako.

— Usimwambie ninalia.

Bistro ya karibu na hopitali niliingia minyi peke yangu. Mwenye bistro alikuwa anapanguza meza. Mbele ya nimalize salamu, alisema:

— Hayuko, mama.

— Sijakuambia ni nani.

— Yeyote. Hayuko.

Banaume ku kona bakacheka. Mumoja akasema: — Angalia chini ya friji, mama, pale njo tunajificha! Nikajua. Mwanamuke muzee akisimama ku mulango ya bistro, ni bibi ya muntu ao mama ya muntu, anakuya kuleta vita, na mwenye bistro anafunika bantu yake sawa kuku na batoto. Peke yangu, muji yote ingenijibu «hayuko».

Njo nikasikia firimbi.

Shefu alikuwa anapita mu balabala na bantu karibu kumi nyuma yake. Nilimukimbilia.

— Shefu, buko yangu alienda na weye asubuhi. Shati ya kijani.

— Wa Kabongo? Muntu muzuri, anatembea sawasawa. Ile treni ya kwanza niliiacha ku Gare ya Pili, inaendelea yenyewe, nikarudi kuchukua hii. Shika bega, mama. Tutabakuta.

— Nionyeshe njia tu, nitaenda minyi.

— Weye? Si njo mama ya ndoo? Ulirudishwa na kinga!

Bantu balicheka. Kisha Shefu aliniangalia, akapunguza sauti.

— Kuna lufu? Muntu alikufa?

Ile njo ilikuwa pahali pa kusema. Muzee na kofia yake, mbele yangu, ananiuliza na heshima. Lakini nyuma yake kulikuwa bantu kumi na masikio makumi mbili. Ningesema «mutoto yangu amekwama mu kuzala» mbele ya banaume ya barza, magaribi gare yote ingekuwa inatafuta jina ya mwanaume mwingine. Na tena kusema kuzala mbele ya banaume, minyi sikufundishwa.

— Hapana, nikasema. Ni kaneno kadogo ka nyumbani.

— Basi haikimbie, Shefu akasema, na akapiga firimbi.

Nikashika bega.

Bega ilikuwa ya mama mumoja ya samaki. Alitoka Kinkondja na bitunga yake ya samaki ya kukausha, na juu ya kungoja treni samaki ilianza kunuka, njo alikuwa anakunywa, alisema, ili pua isahau. Alikuwa munene, mwenye sauti. Alinipenda bila sababu.

Gare ya Kwanza ilikuwa nyuma ya soko, biti ya plastiki chini ya mabati. Niliangalia upesi: shati ya kijani haiko. Nilitaka tutoke. Shefu akaonyesha kiti.

— Ku treni yangu musafiri hasimame, mama. Mwenye nyumba atasema tunazarau pombe yake.

Nikakaa. Nilikaa! Mutoto yangu alikuwa anashika chuma ya kitanda, na minyi nilikaa ku kiti ya plastiki juu mwenye bistro asisikie haya. Baliniletea munkoyo juu sikunywaka pombe. Shefu alimwaga tone chini kwa ajili ya bantu balikufa mu treni, akaanza kuelezea namna daraja moja ilianguka, na hakuna muntu anakataka muzee akiwa anaelezea bantu benye balikufa.

— Mama, ya samaki akaniambia, unashika hiyo gilasi sawa kikombe ya misa. Utatuungamisha siye bote hapa?

— Kunywa yako.

— Ni buko kweli unafuata? Ee, hii sijasikia. Mwanamuke kufuata buko mu bistro! Kwetu ku ziwa tungekutupa mu maji na mawe ku miguu.

— Basi nimebahatika niko Kamina.

Alicheka mpaka akapiga meza. Bantu baliniona muntu ya masimo, ya kuchekesha. Ningemwambia ule mama neno moja mu sikio, moja tu, angeangusha chupa na tungekimbia. Ninasema bile juu sasa ninamujua: ni yeye, kesho yake, aliosha mwili ya mutoto yangu.

Firimbi ikalia. Gare ya Pili: treni ya asubuhi ilisha kutoka. Tulikaa tena. Pale kulikuwa muziki, na mwenye bistro alikuwa mama mujane, na ilipashwa kumusalimia juu ya lufu ya bwana yake, mumoja mumoja. Nilimusalimia. Nilimupa pole. Jua ilisha kupita juu ya kichwa, ikaanza kulala upande ingine. Saa moja ya infirmiere ilikuwa imekwisha, na minyi najua kusoma jua kuliko bantu bengi banajua kusoma saa.

Ku Gare ya Tatu, kutoka mu balabala, niliona mugongo yake. Shati ya kijani, ku meza ya ndani, chupa mbele yake. Alikuwa anasikiliza muntu, anaitika na kichwa. Hakuwa mulevi. Musikie: hakuwa mulevi.

Na nikageuka. Mwili yenyewe iligeuka, bila kuniuliza. Nilivuta kikwembe juu ya kichwa, nikasimama pembeni ya mulango, mugongo kwake, uso ku balabala, namna mama yangu alinifundisha. Nikamwambia mama ya samaki:

— Ingia. Mwambie bibi yake anamuita.

— Anamuita juu ya nini?

— Anamuita.

— Ni vita?

— Hapana. Mwambie tu anamuita.

Aliingia na ile sauti yake.

— Ee, shati ya kijani! Simama! Buko yako iko ku mulango, amegeuka sawa ukuta! Bibi yako anakuita, labda anataka udongo ya kula!

Banaume balicheka kwa nguvu. Mumoja akasema: — Kaka, maliza chupa kwanza, bibi haimwagike! Kisha nikasikia kiti inavutwa. Kisha muziki tu.

Nikangoja. Nilitoa rozari mu kiuno nikaanza. Nilimaliza fungu ya kwanza. Nilijiambia: anavaa viatu. Fungu ya pili: analipa. Ya tatu. Sikugeuka. Ningegeuka mara moja tu, ningeona kiti haina muntu. Sikugeuka, juu nilifikiria: nikigeuka nitakutana na macho yake, na ile nayo itakuwa haya juu ya haya. Nilifika fungu ya ine njo mama ya samaki akatoka na chupa, kizibo mu vidole.

— We mama, unangoja nini?

— Buko.

— Si alisha kuenda zamani! Aliposikia ni weye, alibadilika, akasukuma chupa mbali. Alisema: «Siwezi kupita mbele ya buko na pombe mu kinywa.» Akapita mulango ya nyuma. Anaenda kunawa, abadilishe shati, njo aende ku bibi.

— Wapi?

— Ku gare, si njo mizigo yenu iko. Kwani bibi haiko ku gare?

Sikujua muntu anaweza kusikia baridi mu jua namna ile. Sikumwambia wapi. Nilitembea na ile neno muji muzima, nikaifunika ku Shefu, nikaifunika ku mama ya samaki, na ku mwisho nilimutumia muntu neno yenye haina pahali. Na yeye, juu ya kuniheshimu minyi, alinikimbia.

— Iko hopitali, nikasema. Mutoto amelala mubaya. Banataka kumupasua. Anakufa.

Mama ya samaki aliniangalia kama ninaongea luga ingine. Kisha chupa ikaanguka. Alinishika mukono akaanza kunivuta na kulalamika: — Mama! Mama weye! Ulikunywa munkoyo! Shefu alisikia kelele akatoka. Alivua kofia. Alisimama pa katikati ya balabala akapiga firimbi mpaka shingo ikavimba, na moto mbili zikasimama.

— Ungesema! akaniambia, akinipandisha. Nilikuuliza, mama! Ningesimamisha muji yote! Ungesema!

Bengine munalilia bantu kwa sababu walikosa musaada. Minyi musaada ilinisimamia mbele, na kofia ku kichwa, ikaniuliza.

Ku hopitali infirmiere hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alikuwa ananawa mikono.

— Munganga alichoka kungoja, akasema. Alitia mukono yake mwenyewe. Mutoto iko, ni mwanamuke. Damu ya mama ilitoka mingi, mama. Ilisha kutoka mingi mbele ya tuanze.

Karatasi ilikuwa ku meza. Pa familia palikuwa peupe.

Nilimuona mutoto yangu. Sitasema namna alikuwa.

Nilikuwa mu koridoro, chini, wakati bwana yake alifika. Alikimbia kutoka gare, alisha kusikia kule ya kama balimupeleka. Alikuwa na shati nyeupe, nywele ina maji, na mu mukono chupa ya jus ya machungwa, juu bibi yake alipenda ile. Ile siku njo niliona uso yake mara ya kwanza. Uso ya kijana tu, ya muntu ananawa vizuri. Ku mulango mulinzi alimupongeza juu ya mutoto; ingine hakumwambia. Na aliponiona, munajua alifanya nini? Aligeuka. Aligeukia ukuta, na heshima yake yote, na akauliza ukuta:

— Mama, banasema niko na mutoto?

Infirmiere njo alimujibu.

Ku kilio bandugu yangu balimusimamisha katikati ya bantu. Bakamuuliza: — Bibi yako akiwa anakufa, weye ulikuwa wapi? Akasema: — Nilikuwa mu bistro. Bote baliniangalia minyi, juu minyi ni mama, nilikuwa pale. Nilikuwa naweza kusema: nilipewa kalamu nikaikataa. Nilikuwa naweza kusema: alinikimbia juu ya buko, na sikumuambia hopitali. Nilifungua kinywa, na nikalia. Bantu balifikiria nalia juu ya ubaya yake. Balimulipisha mbuzi ya lufu, tukala. Kaka yangu alimupiga ngumi mbele ya bote, na yeye alishika shavu na hakurudisha.

Kazi ya Likasi ilipotea. Mutoto alibebwa na bantu ya baba yake, na bile inapashwa, ni wao. Lakini balisema pia habatamuleta kwetu, juu tulitukana baba yake. Ni mukubwa sasa. Siku moja ku soko ya Kabongo balinionyesha yeye kwa mbali, anauza chumvi. Sikuenda. Ningesema nini? Baba yake, ile siku ya Kamina, alikuwa muntu ya chupa moja ku kila gare juu ya kupita wakati. Leo anakunywa lutuku tangu asubuhi, ile pombe kali ya kupikwa mu pipa, na analalaka ku mabati ya soko. Ninyi munapita pale munasema: «Angalia, njo ule aliua tantine yetu.» Nilibasikia. Minyi njo nilibafundisha, na kunyamaza kwangu.

Sijue kama anajua. Pengine aliisha kufikiria: kwa nini buko hakusema hopitali? Pengine hakufikiria. Kama anajua na anaficha, basi ananiheshimu mpaka leo, na ile heshima ni moto mu mifupa yangu. Nilienda ku padri. Padri alinisikiliza, akanipa sala, nikazisali zote. Niliamuka kesho yake na ilikuwa bile bile. Mungu akisamehe, ni kazi yake. Mutoto yangu hakurudi, na ule kijana ya shati nyeupe hakurudi naye. Sina mwisho muzuri ya kubapatia.

Sasa, mvua iliyopita, bibi ya mutoto yangu ya mwisho alishikwa na maumivu ya tumbo, tukamupeleka ku santé, zahanati yetu. Nilifika nyuma juu ya miguu. Nilikuta ninyi bane mumesimama mu lupango ya santé, kila mumoja na telefone ku sikio, munatafuta bwana yake yenye alikuwa ku shamba pasipo rezo ya telefone. Infirmiere alikuwa mbele yenu na karatasi ya kutia mukono. Mulisoma, ninyi. Muko na diplome. Na mulimwambia: «Tunangoja bwana.» Alipona, lakini si juu yenu, na si juu yangu: ni tumbo yenyewe ilitulia.

Ile magaribi niliita bote mu lupango, bakubwa na bakadogo, na bwana yake alipofika na jembe nikamwambia akae chini pamoja na bengine, mbele yangu, macho na macho. Nikasema: «Kuanzia leo, mu hii nyumba, karatasi ya hopitali ikikuya, mwenye iko karibu atie mukono. Asitafute bwana, asitafute mujomba, asiniulize minyi. Na mwenye anatumwa kuita muntu, asitume mwingine, asisimame ku mulango: aingie, amuangalie mu macho, na aseme kwa sauti mbele ya bote: anakufa, iko hopitali, kuya.»